Kadari na Mbao za Kisima

 Leo nataka kuwaelezeni khabari iliyonipata mimi mwenyewe, ambayo kwa muda wa miezi mingi nilikuwa nikiificha nyuma ya neno tukufu. Neno lenyewe ni kadari. Naiandika kwa sababu naona neno hili latumika vibaya katika nyumba zetu, na mimi ni mmoja wa waliolitumia vibaya.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na umri wangu umepita miaka hamsini. Elimu yangu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi tu. Yaliyobaki nimeyapata kwa kukaa mbele ya mashekhe na kwa kusoma vitabu usiku. Chuo chetu kina uwa, na katika uwa mna kisima cha zamani ambacho watoto huteka maji ya kutawadhia. Kisima hicho kilikuwa na mfuniko wa mbao.

Katika mwezi wa Shaabani niliona kuwa mbao mbili za mfuniko zimeoza. Bwana mmoja mfanyabiashara, Mungu amlipe kheri, alinipa fedha za kununulia mbao mpya. Nikazitia fedha katika kisanduku, nikajiambia: Ramadhani i karibu, tutatengeneza baada ya Idi. Idi ikapita, na Mfunguo Mosi ukesha. Siku moja mwanafunzi wangu mmoja, mvulana wa miaka tisa, alinikuta mlangoni akaniambia, "Maalim, ubao wa kisima unacheza." Nikamjibu, "Nimesikia, mwanangu." Na kweli nilisikia. Sikusahau, wala fedha hazikuwa zimepotea, wala seremala hakuwa akikaa mbali. Nilichelewesha tu, kama mtu anavyochelewesha jambo ambalo halimwumi yeye.

Katika Mfunguo Pili, baada ya sala ya Alasiri, mvulana yule yule alipanda juu ya mfuniko ili aitoe ndoo iliyonasa, na mbao zikavunjika chini yake. Maji yalikuwa yamepungua, kwa hivyo hakuzama. Lakini mfupa wa paja ulivunjika mahala pawili. Tulimtoa kwa kamba, naye hakulia mpaka alipofika juu. Alilazwa hospitali wiki nyingi. Aliporudi chuoni, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe, na hata leo anachechemea.

Majirani wote walisema kuwa ajali haina kinga. Mama yake, nilipokwenda kumtazama mgonjwa, ndiye aliyenipa pole kabla mimi sijampa. Akasema, "Maalim, usijitie huzuni, hii ni kadari ya Mungu." Nami nikaitika, "Naam, dada yangu, ni kadari." Nikarudi nyumbani moyo umenipoa. Hapana aliyeniuliza khabari ya fedha zilizokuwa kisandukuni, nami sikumwambia mtu.

Mambo yalikaa hivyo mpaka siku niliyokuwa nikisomesha sifa 20 za Mwenyezi Mungu. Tulipofika katika Kudra na Irada, nikaeleza kuwa hapana lolote liwalo ila kwa uwezo wake na kwa kutaka kwake. Msichana mmoja akauliza, "Maalim, basi Mwenyezi Mungu ndiye aliyetaka huyu aanguke kisimani?" Nikajibu upesi, "Ndiyo, ilikuwa kadari." Ndipo yule mvulana, aliyekuwa amekaa amenyosha mguu kwa kuwa hawezi kuukunja vyema, akaniuliza kwa adabu, bila ya kejeli yoyote, "Na ule ubao niliokwambia, maalim, nao ulikuwa kadari?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kuwa wakati umekwisha, na wakati ulikuwa bado. Watoto wakafurahi kwa kuruhusiwa mapema, nami nikabaki peke yangu na msahafu mbele yangu.

Swali la mtoto yule, ndugu zangu, ni katika maswali makongwe kabisa ya wenye kufikiri. Ikiwa Mola ni mmoja, naye ni mwema, mwenye kujua yote na kuweza yote, shari imetoka wapi? Tukisema kuwa shari imetoka kwake, vipi mja atalaumiwa kwa alilotenda? Na tukisema kuwa mja ameiumba shari mwenyewe bila ya Mungu, je, hatukufanya waumbaji wawili? Basi nilirejea vitabu vyangu, na kwa mara ya kwanza sikusoma ili nipate la kusomesha. Nilisoma kama mtu aliyeshitakiwa.

Nikakuta kuwa Waislamu wa mwanzo walihitilafiana sana katika jambo hili. Lilikuwapo kundi la Jabriya, na mkubwa wao alikuwa Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria, yaani 746 Miladi. Hao walisema kuwa mja hana kitendo hata kimoja. Tunaposema kuwa fulani ameiba, ni kama tunaposema kuwa jua limechwa au mti umetikisika. Wakaondokea wengine, kama vile Maabad al-Juhani wa Basra, waliokanusha kuwa vitendo vya waja vimekadiriwa. Baadaye wakaja Muutazila waliomfuata Wasil bin Ataa, aliyekufa mwaka 131 (748). Wao walishikilia kuwa Mwenyezi Mungu ni mwadilifu, na mwadilifu hamwadhibu mtu kwa jambo alilomfanyia yeye; kwa hivyo mja ndiye mwenye kukifanya kitendo chake.

Nilisoma pia jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani zamani. Inapokewa kuwa watu walimwendea Hasan al-Basri, aliyekufa mwaka 110 (728), wakamshitakia watawala wa zama zile: wanamwaga damu, wanachukua mali za watu, kisha wanasema kuwa vitendo vyao vyapita kwa kadari ya Mungu. Hasan akasema kuwa wamesema uwongo. Tazama, msomaji, nani alikuwa akiipenda sana hoja hii. Aliyenyang'anywa mali hakuwa na haja nayo. Mwenye kunyang'anya ndiye aliyekuwa akiihitaji. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, maana niliuona mkono wangu katika mikono ile.

Lakini haitoshi kusema kuwa Muutazila wameshinda. Imamu Abul-Hasan al-Ashari, ambaye wengi wetu wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, tumesomeshwa itikadi kwa njia yake, alikuwa kwanza mwanafunzi wa al-Jubbai, mkubwa wa Muutazila. Inasimuliwa kuwa alimwuliza mwalimu wake khabari ya ndugu watatu: mmoja amekufa hali ni mchaji Mungu, wa pili amekufa hali ni kafiri, na wa tatu amekufa akiwa mtoto. Mtoto akiuliza kwa nini hakupewa umri ili apate daraja ya nduguye, utasema kuwa Mungu alijua kuwa angelikua angeliasi, kwa hivyo akamfanyia la kumfaa. Lakini hapo yule kafiri atapiga ukelele: Mola wangu, na mimi ulinijua pia, mbona hukunichukua mdogo? Al-Jubbai hakuwa na jawabu. Maana yake ni kuwa mizani yetu ni ndogo, haiwezi kupima hesabu ya Mwenyezi Mungu na waja wake wote.

Hata hivyo al-Ashari, aliyekufa mwaka 324 (936), hakurudi kwa Jabriya. Alisema kuwa Mungu ndiye muumba wa kila kitendo, lakini mja anakichuma, na kwa kule kuchuma ndiko anakohesabiwa. Wanafunzi wa fani hii hutoa mfano wa mikono miwili: mmoja watetemeka kwa maradhi, na wa pili watikiswa na mwenyewe kwa kutaka. Yote miwili yatikisika, na yote miwili imeumbwa. Lakini kila mtu anajua katika nafsi yake kuwa haiko sawa. Wako wanaosema kuwa neno "kuchuma" ni gumu kufahamika, na mimi sijidai kuwa nimelifahamu lote. Lakini ile tofauti ya mikono miwili naifahamu. Mkono wangu haukuwa na maradhi siku zile. Ungeliweza kukifungua kisanduku wakati wowote, nami nilijua kuwa unaweza.

Yuko rafiki yangu aliyesoma sana aliyenionesha njia nyingine waliyoipita wenye hekima. Augustine, askofu wa Kikristo wa mji wa Hippo, katika nchi ambayo leo yaitwa Algeria, aliyekufa mwaka 430 Miladi, alisema kuwa uovu si kitu chenye kuwapo kwa nafsi yake. Ni upungufu wa wema, kama kilivyo kidonda ni kukosekana kwa uzima. Na miaka mingi baadaye Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 Hijria (1037), naye aliona kuwa shari kwa asili yake ni kukosekana kwa ukamilifu unaokipasa kitu. Mwanzo nilifurahi niliposikia hayo, maana nilidhani nimepata pa kujifichia. Nikasema: kumbe mimi sikufanya kitu! Kisha nikafikiri tena. Mfuniko wa kisima ulikuwa na tundu, na tundu ni mahala pasipokuwa na ubao. Hakuna aliyelichonga tundu lile. Na mtoto alipita hapo hapo pasipokuwa na kitu, akavunjika mguu. Basi ikiwa shari ni kukosekana kwa kheri, swali lililobaki ni moja: kheri ile, nani aliyepewa amana ya kuiweka mahala pale?

Na hapa nataka kuwakumbusheni kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mungu amwie radhi. Alipokuwa akienda Sham alipata khabari, alipofika mahala paitwapo Sargh, kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Ndiyo tauni iliyojulikana kwa jina la Amwas, katika mwaka 18 Hijria (639). Alitaka shauri kwa Muhajirina, kisha kwa Ansari, kisha kwa wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, twaikimbia kadari ya Mungu twende katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na wa pili ni mkavu: akilisha hapa ni kwa kadari, na akilisha pale ni kwa kadari. Yaani kule kuchagua kwenyewe kumo ndani ya kadari. Seremala ni kadari, na fedha za kisandukuni ni kadari, na maneno ya mtoto mlangoni ni kadari, aliyoletewa mwalimu ili aifuate. Mwalimu akaiacha.

Najua kuwa msomaji mwenye elimu ataniuliza khabari ya hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Nabii Musa alimlaumu Nabii Adam kwa kuwatoa watu Peponi, na Adam akajitetea kwa kuwa jambo lile alikuwa amekwisha kuandikiwa, na Mtume (S.A.W.) akatueleza kuwa Adam alimshinda Musa kwa hoja. Je, hapa si kadari iliyokuwa udhuru? Wanazuoni wameieleza vizuri. Adam alikuwa amekwisha kutubu na kukubaliwa toba yake, na Musa alimlaumu kwa msiba uliowapata watoto wake. Msiba uliokwisha kupita hutulizwa kwa kadari; kosa halifutwi kwa kadari. Ama siku ya kosa lenyewe, tazameni Sura ya Al-Aaraf. Iblisi na Adam wote wawili waliasi. Iblisi aliposimama kuhukumiwa alimnasibisha Mola wake kuwa Yeye ndiye aliyempoteza. Adam na mkewe walisema kuwa wamezidhulumu nafsi zao. Yule wa kwanza, ukitazama, aliisema kadari, na alifukuzwa. Hawa wawili hawakuitaja, nao walisamehewa.

Hapo ndipo nilipolifahamu jambo ninalotaka kuwaambieni. Neno hili ni dawa, na dawa ina mgonjwa wake. Katika kinywa cha aliyefikwa na msiba, kadari ni subira na tulizo. Katika kinywa cha aliyeusababisha msiba, neno lile lile ni sumu, maana humzuia asitubu na asitengeneze. Mama yule alikuwa na haki ya kulisema. Mimi nilimnyang'anya dawa yake nikainywa.

Niliwaendea mashekhe wawili kuuliza yanayonipasa, kisha siku ya Ijumaa, baada ya Alasiri, nikaenda nyumbani kwa mama yule pamoja na mke wangu. Nikamweleza yote: Shaabani, na fedha, na kisanduku, na kuwa mwanawe mwenyewe alinionya. Sikumwambia kuwa ni kadari. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua, maalim. Mtoto aliniambia pale pale hospitali. Mimi nilisema kadari ili nipate kulala. Sikuisema ili wewe ulale."

Wallahi, katika maisha yangu nimekaa mbele ya wanazuoni wengi, na sijapata kusikia mas-ala ya kadari yakielezwa kwa uwazi zaidi kuliko hivyo.

Nikamwomba radhi. Hakunipa siku ile. Aliniambia nimwache afikiri, na hiyo nayo ni khiyari aliyopewa na Mola wake. Nikaanza kumlipa gharama za hospitali kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wangu, na yule bwana mfanyabiashara nikamrudishia khabari ya fedha zake. Kisima tulikuwa tumekwisha kukifunika kwa zege tangu juma la pili baada ya ajali, kwani ndivyo tulivyo: mbao hununuliwa upesi mtoto akisha kuanguka. Kisha nikasimama mbele ya watoto, nikamjibu yule mvulana mbele ya wenziwe. Nikamwambia, "Uliniuliza khabari ya ubao. Mwenyezi Mungu alijua kuwa utaanguka, nami sijui hekima yake. Lakini ubao ulikuwa amana yangu, na kosa ni langu." Akanitazama, akasema, "Ndiyo, maalim," kisha akafungua juzuu yake. Miezi minne baadaye mama yake alituma neno kuwa ameniwia radhi.

Wasomaji wangu, tazameni nyumba zetu. Baba anaiacha nyumba bila ya matumizi, na akiulizwa asema kuwa riziki ni ya Mungu. Mama anaacha mafuta ya taa katika chupa ya maji ya kunywa, na mtoto akinywa husemwa kuwa imeandikwa. Na katika mambo makubwa ni vivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo imepakia watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Waliofiwa walisema, "Ni kadari ya Mungu," nao walikuwa na haki ya kusema hivyo, Mungu awarehemu maiti wao. Lakini mwenye kuhesabu abiria hana haki ya kulisema neno lile kabla hajaulizwa khabari ya hesabu yake.

Basi kila mtu anapotaka kutamka kadari, na ajiulize kwanza: mimi katika jambo hili ni nani? Nimefikwa, au nimefikisha? Akiwa amefikwa, na alitamke na apumzike. Akiwa amefikisha, na aseme kama walivyosema Adam na Hawa, kisha atafute seremala. Na lile swali kubwa, shari ilitoka wapi mwanzo wa mambo, nalisoma bado, na huenda nikafa sijalimaliza. Lakini ile shari ya uwani mwetu nimejua ilipotoka.

Mvulana yule sasa amehitimu juzuu kumi. Kila akiingia uwani hupita kando ya kisima, akaugusa ule mfuniko wa zege kwa ncha ya mguu wake mfupi, kama mwenye kuujaribu, kisha huenda kutawadha. Nami kila siku humtazama akifanya hivyo.